Mikono inatetemeka, miguu haitulii: mliowahi kuacha dawa za akili, mambo yalikuwaje?

FundiLangoni (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wadau. Mimi ni fundi wa kuchonga mbao, niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mawaidha nimepewa ya kutosha nyumbani. Hapa nataka kusikia kwa waliopitia.

Mwaka jana nilianza kusikia watu wakinisema. Mwanzo nilidhani ni majirani, maana nyumba zetu zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Kisha nikawa nawasikia hata nikiwa ndani ya mashua, hakuna mtu ila mimi na nahodha. Usingizi ukakatika, chakula nikawa nakishuku. Wajomba zangu wakanivusha mpaka Mokowe, wakanipandisha basi la Mombasa. Nikarudi na mfuko: haloperidoli asubuhi na usiku, Artane, na kadi ya sindano ya Modecate kila mwezi.

Nisije nikaonekana sina shukrani. Sauti zimenyamaza, nalala, nala. Lakini kazi yangu ni mikono. Ukichonga maua kwenye mfaa wa mlango, tindo inatakiwa isimame pale pale ulipoiweka, uigonge kidogo, uigeuze, uigonge tena. Yangu sasa inacheza. Juzi juzi nilipasua jani la yungiyungi kwenye mbao ya mbambakofi ambayo mwenzangu alikuwa ameishughulikia wiki nzima. Fundi mkubwa hakusema neno. Alinitoa tindo mkononi akanipa msasa, na tangu hapo mimi ni mtu wa msasa.

Miguu nayo ina shughuli yake. Nikikaa kwenye darsa baada ya Magharibi, inanichemka kwa ndani mpaka niinuke. Nikiinuka nataka kukaa. Watu wanadhani sina adabu. Usiku natembea kutoka Langoni mpaka Mkomani na kurudi, si kwa kuwa nina pa kwenda. Mamangu anasema sicheki tena hata kukiwa na la kuchekesha.

Kliniki naulizwa, "Sauti zipo?" Nasema hazipo. "Haya, endelea na dawa." Kadi inapigwa muhuri, anaitwa mwingine. Habari ya mikono hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo nataka kuacha. Mlioacha, mliachaje, na nini kilifuata?

---

KasaMkubwa

Kaka, hizo ni sumu. Ukisikia mtu anasemeshwa na asiowaona, hayo ni majini, wala si maradhi ya sindano. Kasomewe, oga kwa makombe, tupa huo mfuko. Dawa za hospitali zinamfanya mtu zezeta.

---

BintiBarani

Wewe @KasaMkubwa, ndugu yako akipotea utamtafuta kwa makombe?

@FundiLangoni kaka yangu, pole. Nakuandikia kutoka Malindi. Mdogo wangu alikuwa na mashua ya kupeleka wageni kutazama samaki kule Watamu. Naye mikono ilimtetemeka, akawa anamwaga chai mbele ya wageni, akaona aibu, akaacha dawa zote siku moja. Hakumwambia mtu. Vidonge alikuwa akivipokea mkononi mwa mama, anavitia mdomoni, kisha anakwenda kuvitema chooni.

Mwanzoni, na hapa ndipo nakuomba unisikilize, alipata nafuu kubwa. Uso ulirudi. Akawa anatania, anaimba, anaamka mapema. Sisi nyumbani tukafurahi, tukasema Mungu ametujalia, dawa zimemkubali sasa. Kumbe tulikuwa tunamuona bila dawa. Baada ya miezi michache usingizi ukapungua, akaanza kuniuliza kwa nini nimebadilisha sauti ya simu. Siku moja akatoka na kanzu moja na miguu mitupu. Tulimuulizia Mambrui, wakasema amepita. Alipatikana Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, nyayo zimechanika, amekaa anawahutubia vibarua. Vibarua wale Mungu awabariki, walimpa maji na kivuli mpaka tulipofika.

Sisemi wewe utakuwa hivyo. Nasema ile nafuu ya mwanzo usiifanye ushahidi, maana ndiyo iliyotuzuga sisi.

---

ShaziaM

Mimi nauliza tu, kwa nini daktari hakumbadilishia hizo dawa mapema? Mtu anamwaga chai mbele ya wageni na kliniki anakwenda kila mwezi.

---

BintiBarani

Kwa sababu hakusema. Na hakusema kwa sababu hakuulizwa. Kliniki tulikuwa tunaingia wote wawili, mimi ndiye najibu maswali, yeye anatazama sakafu.

---

MuuguziMstaafu

Nimefanya kazi ya uuguzi wa akili hapa Pwani mpaka nikastaafu, sasa nalea wajukuu Malindi na kusoma nyuzi zenu. Mwanangu @FundiLangoni, umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowahudumia, na kwenye maelezo yako mna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya.

Mikono kutetemeka, uso kukosa kicheko, mwendo kuwa mzito: hilo ni moja. Ubongo una kemikali inaitwa dopamini. Ikifanya kazi kupita kiasi sehemu fulani, mtu husikia na kuamini yasiyokuwapo. Haloperidoli na Modecate huiziba. Lakini dopamini hiyo hiyo, sehemu nyingine ya ubongo, ndiyo inayolainisha mwendo wa mwili. Dawa haichagui sana, inaziba huku na huku, na mtu anakuwa na dalili za mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson. Artane umepewa kwa ajili hiyo. Kama unaimeza na bado tindo inacheza, basi huenda kipimo cha haloperidoli ni kikubwa kwako, hasa ukizingatia kwamba unapewa vidonge na sindano kwa pamoja, na zote mbili ni dawa za namna moja. Hilo peke yake ni swali la kumpelekea daktari wiki hii hii.

Miguu kuchemka ni jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalowakimbiza watu kwenye dawa kuliko jingine lolote. Si wasiwasi, si utovu wa adabu, si ugonjwa umerudi. Ni dawa. Nimeona daktari akiongeza kipimo kwa kudhani mgonjwa amechachamaa, na mgonjwa akazidi kuchachamaa. Artane mara nyingi haisaidii sana hapo. Kinachosaidia ni kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, na wengine hupewa propranololi, ile ya presha, ila mwenye pumu haifai. Mtu akifikia kusema hawezi kuishi na hali hiyo, asisubiri tarehe ya kliniki. Watu wamejidhuru kwa sababu ya miguu hiyo.

Yapo mengine ambayo hukuyataja lakini wasomaji wayajue. Shingo kupinda au macho kupanda juu na kukwama, siku za mwanzo mwanzo, zaidi kwa vijana wa kiume. Familia ikiona hivyo hukimbilia kwa mganga, kumbe sindano moja hospitalini huondoa kwa dakika chache. Midomo na ulimi kutafunatafuna vyenyewe baada ya miezi au miaka ya dawa: hili liripoti likiwa dogo, maana likikomaa huenda lisiondoke hata dawa ikiachwa. Na hatari kuliko yote, ingawa ni nadra: homa kali, mwili kukakamaa kama mbao, jasho, kuchanganyikiwa. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, na dozi inayofuata haitolewi.

Sasa kuacha. Watafiti wa Ujerumani walikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa karibu 6,500, wakachapisha mwaka 2012. Katika mwaka mmoja, walioendelea na dawa walirudiwa na ugonjwa asilimia 27. Waliobadilishiwa wakapewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 64. Ndiyo sababu tunashikilia dawa. Lakini kushikilia dawa si kushikilia dawa ile ile kwa kipimo kile kile hata mtu akishindwa kushika tindo.

---

Anayejua_Anajua

Bi Muuguzi asante. Swali la pembeni: hiyo Artane mbona kuna vijana wanaitafuta mtaani?

---

MuuguziMstaafu

Ndiyo, wapo wanaoimeza walewe. Kwa hiyo usishangae ukihesabiwa vidonge. Na ina taabu zake: mdomo kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu, kusahau, na kwa wazee wa kiume mkojo kuziba. Si dawa ya kumezwa milele bila kuulizwa kama bado inahitajika.

---

UmmuR_

Nimesita kuandika hili lakini hapa hatujuani.

Mimi nilipewa risperidoni. Mikono haikutetemeka, nikamshukuru Mungu. Hedhi ikakatika. Nikaona labda ni mwili tu. Kisha maziwa yakaanza kutoka, kidogo kidogo, yananilowesha nguo. Nilikuwa mke wa miezi, sijawahi kuzaa. Mama mkwe aliona doa kwenye dera akapiga kigelegele. Kabla sijasema kitu, mawifi wameshajua, jirani ameshaleta ndimu na udongo wa kula. Nilipimwa mara mbili, hakuna mimba. Ndipo maneno yakageuka: huyu ana jini mahaba, ndiye anayenyonya.

Daktari mmoja wa kike ndiye aliyenieleza. Dawa ile hupandisha homoni inayoitwa prolaktini, ndiyo inayoleta maziwa na kuzuia hedhi. Kipimo cha damu kikathibitisha. Akanibadilishia taratibu, mpya inaingia na ya zamani inatoka, nikahamia olanzapini.

Hedhi ilirudi. Lakini olanzapini ina njaa, jamani! Unamaliza wali wa nazi, unanawa mikono, unafikiria viazi karai. Nilinenepa mpaka buibui likanibana mabegani. Sasa napimwa sukari na mafuta ya damu, na nimeambiwa nipime uzito kila nikienda. Ningeambiwa tangu siku ya kwanza ningejipanga, ningepunguza mahamri na chai ya sukari kabla mwili haujaondoka. Hilo ndilo linaniuma, si unene wenyewe.

Sijaacha. Nilitaka sana, lakini nimeshamuona mama yangu akilia mara moja kwa ajili yangu, inatosha.

---

Bila_Jina_Malindi

Dada yangu UmmuR_ ametusemea na sisi. Wanaume nao yapo. Nguvu za kiume zinakata. Mtu ameoa, hawezi kumwambia mkewe, hawezi kumwambia daktari, hasa daktari akiwa binti wa umri wa mdogo wake. Anaona bora aache dawa. Nawajua wawili. Sitasema zaidi.

---

MuuguziMstaafu

Mwanangu, umesema la kutosha. Mara nyingi ni ile ile prolaktini, na mara nyingi hurekebishika: kipimo kikipungua au dawa ikibadilishwa. Kama ulimi ni mzito, andika kwenye karatasi umpe daktari. Nimepokea karatasi kama hizo nyingi kuliko mnavyodhani, nyingine zimekunjwa mpaka zikawa saizi ya punje ya mchele.

---

MwalimuMtangani

Nimesubiri nione kama kuna atakayesema upande wa pili. Naona hakuna, basi niseme mimi.

Niliugua mara moja, miaka mingi iliyopita, nikiwa chuoni. Nilimeza dawa, nikapona, nikapunguza chini ya daktari mpaka nikaacha. Nafundisha, nina watoto, sijarudi hospitali. Bi Muuguzi kwa heshima yako yote, hiyo asilimia 64 maana yake 36 hawakurudiwa katika mwaka ule. Sisi 36 hatuonekani kliniki ndiyo maana mnadhani hatupo. Na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, katika majaribio mengi walikatiwa dawa ghafla. Huwezi kumkata mtu ghafla kitu alichokizoea miaka, akianguka ukasema "mnaona, ugonjwa umerudi". Mwili wenyewe ukinyimwa dawa kwa ghafla hukosa usingizi, hutapika, huwashwa na wasiwasi.

Uholanzi walifuatilia wagonjwa 103 waliougua kwa mara ya kwanza. Wengine walipunguziwa dawa mapema, wengine wakaendelea kama kawaida. Miaka 7 baadaye, ripoti ya mwaka 2013, waliopunguziwa waliorudi kwenye maisha kamili, kazi na jamii, walikuwa asilimia 40. Walioendelea kama kawaida, asilimia 18 hivi. Msimtishe kijana. Mwambieni yote.

---

MuuguziMstaafu

Mwalimu, sikukasirika hata kidogo, na ulivyoacha ndivyo ninavyotaka watu waache kama wanaacha: kwa daktari, kwa kupunguza. Utafiti wa Uholanzi naujua. Ungemalizia na hili: miaka miwili ya mwanzo, kundi lililopunguziwa lilirudiwa na ugonjwa asilimia 43, na lile lingine 21. Uingereza nao wakajaribu kwa watu 253 waliokuwa na ugonjwa wa muda mrefu, matokeo yakatoka mwaka 2023. Baada ya miaka miwili, waliopunguziwa taratibu hawakuwa na maisha bora kuliko wenzao, na waliougua tena vibaya walikuwa asilimia 25 dhidi ya 13. Kwa hiyo mtu aliyeugua mara moja kama wewe si sawa na aliyeugua mara nne. Daktari wa kweli huuliza: mara ngapi, ulipougua ulifanya nini, ulimdhuru mtu, ulijidhuru, nani yuko nyumbani atakayeona dalili za kwanza.

Lakini hapo pa ghafla tuko pamoja. Mwaka 2021 madaktari wa London waliandika jambo ambalo kwangu lilikuwa la manufaa. Uzibaji wa dopamini hauendi sambamba na miligramu. Ukitoka kwenye kipimo kikubwa kwenda nusu yake, ubongo hausikii sana. Ukitoka kwenye kipande kidogo cha mwisho kwenda sifuri, ndipo mshtuko ulipo. Watu wengi hufanya kinyume: wanakwenda vizuri mpaka nusu kidonge, wanasema "aa, nusu kidonge ni nini", wanatupa. Kile kipande ndicho cha kukatwa polepole kuliko vyote, kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka.

Na kwa mwenye sindano: Modecate imetengenezwa kwa mafuta ili itoke polepole. Ukiruka sindano, dawa bado imo mwilini kwa wiki kadhaa hadi miezi. Utajiona uko sawa, utawaambia watu "nimeacha na sina kitu", kumbe hujaacha bado.

---

KasaMkubwa

Maasilimia ya Uholanzi na London. Huku ni Lamu.

---

UstadhWaShela

@KasaMkubwa ndugu yangu, mimi nasomea watu. Baba yangu alisomea watu. Siku hizi anayeletwa kwangu, swali la kwanza ni, "Dawa amekunywa?" Kisomo hakijakataza kidonge. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha watu watafute tiba. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa, akija kuzama usiku na maji, atasema ni jini pia?

Na kuna swali naulizwa sana ikikaribia Ramadhani: wanaomeza asubuhi na jioni wafanye nini? Bi Muuguzi tusaidie.

---

MuuguziMstaafu

Nashukuru ustadhi. Waje kwa daktari Shaabani, wasisubiri mwezi uandame. Dawa nyingi za akili zinaweza kupangwa wakati wa futari na daku, na kadhaa hutosha mara moja usiku. Kinachonitia hofu zaidi ni joto na ukosefu wa maji. Baadhi ya dawa hizi, na Artane ikiwamo, hupunguza jasho na uwezo wa mwili kujipoza. Mtu anayefunga na anafanya kazi juani anaweza kuanguka. Anayemeza lithiamu ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana maji yakipungua mwilini lithiamu hupanda mpaka ikawa sumu. Huyo ruhusa ya kutofunga aizungumze na nyinyi na daktari kwa pamoja.

---

ShaziaM

Na muguka? Mbona hamsemi muguka? Kijana ana dawa mfuko mmoja na majani mfuko mwingine.

---

BintiBarani

Hiyo nayo ni uzi wake peke yake. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri, majani yakarudi sokoni. Mdogo wangu alikuwa mtafunaji. Daktari alituambia wazi kwamba inachochea ile ile dopamini ambayo dawa inaziba, na inaiba usingizi. Ukitafuna huku unameza ni vuta nikuvute.

---

MuuguziMstaafu

Ongezea sigara. Moshi wa tumbaku hufanya ini lisage olanzapini na klozapini haraka, dawa inapungua kwenye damu. Mtu akiacha sigara ghafla, labda amelazwa, dawa inapanda. Mwambie daktari kama unavuta na kama umeacha.

---

FundiLangoni

Wadau, nimesoma yote, nyingine mara mbili. Nilikuwa kimya kwa kuwa niliona nisijibu mpaka nifike kliniki.

Nilifanya alivyosema mama yetu Muuguzi, nikaandika. Sikuandika mengi: mikono inatetemeka zaidi saa ngapi, miguu inaanza saa ngapi, sindano nilipigwa lini. Nikachukua na kipande cha mbao nilichokichonga kabla ya kuugua na kingine cha sasa, nikaviweka juu ya meza ya daktari. Hakuwa yule wa siku zote. Alivishika akavigeuza, akaniambia ninyooshe mikono, nitembee, akanikunja kiwiko akasikiliza kinavyokwenda. Halafu akauliza kwa nini napewa vidonge na sindano vyote kwa mara moja, akafungua faili nyuma mpaka Mombasa. Inaonekana vidonge vilikuwa vya kipindi cha mwanzo tu. Havikuondolewa.

Amepunguza haloperidoli kwa awamu, sindano imebaki kwa sasa. Akasema tukiona mikono haijatulia tutazungumza dawa nyingine kabisa. Nikamuuliza waziwazi, "Na kuacha?" Hakunifokea. Akasema kwa aliyeugua mara ya kwanza wao hupenda mtu akae vizuri mwaka au miwili kwanza, kisha wapunguze pamoja, na kwamba nije na mamangu siku ya kuzungumza hayo ili naye ajue dalili zangu za mwanzo. Kwangu ni usingizi na kushuku chakula, tumeshaziandika.

Miguu imepungua lakini haijaisha. Mikono, asubuhi si mbaya, jioni bado. Sijarudishiwa tindo.

@MwalimuMtangani maneno yako yalinipa moyo, sikufichi. Nataka kuwa kwenye hiyo 36.

---

MwalimuMtangani

Inshallah kaka. Na ujue kwamba Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 inakupa haki ya kushirikishwa katika kupanga tiba yako. Siku ukikutana na yule wa muhuri, mwambie hivyo kwa upole.

---

Bila_Jina_Malindi

Na mimi nimepeleka karatasi.

---

NahodhaKizingitini

Hamjambo. Mimi ni mvuvi wa kamba, Kizingitini. Nina maswali mawili kwa Bi Muuguzi. La kwanza, ninameza Largactil na ngozi inaungua na jua kama mzungu, sijawahi kuona kitu kama hicho, na mimi nimezaliwa juani. La pili, sindano napigwa Lamu mjini. Kusi likichafuka boti haziendi, nachelewa. Nifanye nini?

---

MuuguziMstaafu

Nahodha, Largactil ndiyo mama wa dawa hizi zote, madaktari wa Paris walianza kuitumia kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, na tangu enzi hizo inajulikana kwa kuunguza ngozi juani. Shati la mikono mirefu, kofia pana, kitambaa shingoni, na umwambie daktari kazi yako ni ya bahari, kuna nyingine zisizochoma hivyo. Pia unapoinuka ndani ya mashua inuka polepole, maana inashusha presha na kizunguzungu baharini si mchezo.

Sindano ikichelewa siku chache si janga, kwa sababu ile ya nyuma bado imo. Ikichelewa wiki kadhaa ndipo pana hatari. Msimu wa kusi ukikaribia mwambie anayekudunga muda wa safari zako, tarehe inaweza kuvutwa mbele. Na uulize Faza kama wanaweza kukudunga kwa kadi ya Lamu. Kadi usiiache nyumbani, itie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho.

---

NahodhaKizingitini

Nimekupata, Bi. Faza nakwenda Jumatatu kuuza, nitauliza.